Asubuhi Ile Sikunywa Chai kwa Mayai

Maneno niliyowaambia wanafunzi wapya wanaozungumza Kiswahili na wazazi wao, juma moja kabla ya muhula kuanza, hapa Kentucky.

Wazazi mliowasindikiza watoto wenu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Naona hapa wapo waliotoka Mombasa kama mimi, wapo wa Kigoma, Goma, Uvira na Bujumbura, na wapo waliozaliwa kwenye kambi za wakimbizi za Kakuma au Nyarugusu, ambao wakiulizwa kwao ni wapi huvuta pumzi kwanza ndipo wajibu. Kiswahili chetu hakifanani. Changu kina chumvi ya bahari, mtanivumilia.

Nimeombwa niseme juu ya somo ambalo mmekwisha kunong'onezana kwamba ni baya. Juma lijalo, uwe unasomea uuguzi, kompyuta au ufundi wa magari, utakaa kwenye darasa la uandishi la mwaka wa kwanza. Halikwepeki. Desturi hii ilianza Harvard, walipolifanya somo hilo kuwa la lazima kwa wanaoingia chuo mwaka 1885. Maprofesa walikuwa wamechoshwa na makaratasi ya mtihani wa kuingilia: vijana kutoka shule za fedha nyingi walikuwa wakishindwa kuandika kurasa mbili safi kwa lugha waliyonyonya kwa mama zao. Nawaambia habari hii mwanzo kabisa ili mpumue. Somo hili lilibuniwa kwa ajili ya watoto wa wenye nchi. Wageni tulilikuta.

Na kazi ya kwanza, mara nyingi, huwa insha inayokuhusu wewe mwenyewe. Kurasa tatu au nne, mistari imeachiana nafasi, herufi za ukubwa wa 12. Watu wetu wakisikia hivyo hufurahi. Nani asiyeweza kuandika juu yake mwenyewe? Halafu karatasi inarudi, na mtu mzima anajifungia chooni alie. Sisemi kwa kusikia.

Mliosoma Kenya mnaikumbuka Insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Dakika 40, alama 40. Mtihani wenyewe umekwisha kuzikwa, watahiniwa wa mwisho waliufanya mwaka 2023, lakini mwandiko uliotufunza bado unatembea nasi. Hebu niwasomee kwa kichwa:

"Nilirauka alfajiri na mapema, majogoo wakishindana kuwika. Nikajitoma hamamuni, nikakoga, nikapiga meno mswaki yakawa meupe pepepe. Nikastaftahi kwa chai ya maziwa na mayai mawili, kisha nikashika tariki, guu mosi guu pili, hadi shuleni. Wahenga hawakupayuka waliponena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Mnacheka kwa kuwa mliandika hivyo hivyo. Mayai mawili! Nyumbani kwetu Kisauni yai lilikuwa dawa, mtu alikaangiwa akiwa mgonjwa.

Asubuhi zangu za kweli zilianza saa kumi usiku, mama akinigusa wayo. Unga alikuwa ameukanda jioni kwa tui la nazi, hamira na iliki, akaufunika kwa kitambaa uumuke. Kazi yangu ilikuwa kusukuma na kukata. Yeye alikaa mbele ya karai. Mnaojua mahamri mnajua: ukilitupa mafutani linazama, halafu linapanda lenyewe, na hapo ni lazima ulimwagie mafuta ya moto juu kwa upawa ndipo lifure. Ukichelewa kidogo tu linabaki bapa kama soli ya kiatu. Yale yaliyokataa kufura hayauziki. Hayo ndiyo yaliyokuwa staftahi yangu. Saa kumi na mbili nilikuwa na beseni kichwani nikizunguka mtaani, na saa moja na nusu nilikuwa darasani nikinukia iliki na mafuta. Kijana mmoja wa nyuma yangu alinibandika jina, Mahamri, likanishika hadi darasa la nane.

Sasa fikirini. Tuliandika insha karibu kila juma, mwaka baada ya mwaka, na nyingi zilianza na "nili". Hamri hata moja halikuingia humo. Na msimlaumu mwalimu, hakunikataza. Nilikuwa nimekwisha kujua mwenyewe kwamba yule "mimi" wa insha ni mtoto mwingine, mtoto wa nyumba yenye jokofu. Nilimwandika vizuri sana. Nilipata 36.

Nilifika nchi hii mwaka 2003, nina miaka 21. Mwalimu wa somo hili, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akatupa kazi: andika juu ya mahali unapopajua vizuri. Nikamwandikia ufuo wa Mombasa. Mchanga mweupe, minazi ikipunga, jua likizama baharini. (Wa Mombasa mmeguna. Ndiyo, bahari yetu iko mashariki, jua halizami huko. Lakini kadi za posta zote nilizowahi kuziona zilikuwa na jua linalozama baharini, na mimi niliandika kadi ya posta.) Karatasi ilirudi na alama ya kuponea chupuchupu. Neno "paradiso" lilikuwa limezungushiwa duara, na pembeni mstari mmoja: wewe uko wapi hapa?

Nilidhani ananitukana. Kisha nikadhani ameuliza anwani. Nilikwenda kumwona ofisini nikiwa na kamusi kwapani na moyo mkononi, kwa sababu kwetu ukijikuta ofisi ya mwalimu ujue kuna fimbo. Hili nalisema taratibu ili lisikike: hapa walimu wana saa zao za kukaa ofisini wakiwangoja wanafunzi, na wengi hukaa hadi saa zinakwisha hajaja mtu. Nendeni. Hata kama huna swali, nenda useme huna swali.

Hakunieleza kanuni yoyote. Aliniuliza, "Ukifumba macho, asubuhi ya huko inanuka nini?" Nikajibu kabla sijafikiri: iliki. Akasema, "Hiyo ndiyo niandikie."

Nikaandika jikoni kwetu. Ile karatasi ilirudi nyekundu kuliko ya kwanza: nyakati za vitenzi zimechanganyikana, na vile vineno vya Kiingereza, "a" na "the", ambavyo hadi leo naviweka kama mtu anayetia chumvi gizani. Lakini penye sentensi ya hamri linalobaki bapa alikuwa amechora mstari mrefu, akaandika kwamba hapo amemwona mtu. Alama ilipanda. Ndipo nikaanza kushuku kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimejifunza ufundi wa kujificha, na kwamba nilikuwa nimeufaulu.

Neno letu insha tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya kuanzisha kitu, kukijenga. Wafaransa wana neno lao. Michel de Montaigne, aliyekuwa hakimu mjini Bordeaux, aliacha kazi, mwaka 1571 akajitenga kwenye mnara wa nyumba yake na kuanza kuandika juu ya woga wake, kumbukumbu yake mbovu, baadaye hata mawe ya figo yaliyomtesa. Kitabu kilipotoka mwaka 1580 alikiita "Essais", neno lenye maana ya majaribio. Na hakukiacha. Aliendelea kupachika maneno pembezoni mwa kurasa zake mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1592, pengine akilipinga lile alilolisema miaka kumi nyuma, bila kulifuta la zamani. Anayejenga anajua mlango utakaa wapi kabla hajachimba msingi. Anayejaribu hajui. Sisi tulifunzwa kujenga, tena methali ya mwisho tukiwa nayo mfukoni kabla ya kuandika neno la kwanza. Mwalimu wa hapa akisoma kurasa nne zinazoishia kwenye jambo ulilokuwa unalijua tangu mwanzo, atakuuliza kwa nini ulijisumbua kuandika.

Sasa niseme na waliopitia kambini, na nitasema kwa adabu maana mimi sikupitia huko. Ninyi mmesimulia maisha yenu mara nyingi kuliko mtu yeyote humu. Mlisimulia kwa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mkasimulia kwa waliotayarisha faili la safari, mkasimulia tena kwa afisa wa Marekani. Na mlijua sharti: hadithi isibadilike. Kama mara ya kwanza ulisema mlitembea siku tatu, basi ni siku tatu hadi kiama, hata kama umekuja kukumbuka kwamba zilikuwa nne. Jina la kijiji, mpangilio wa watoto, nani alitangulia kuvuka mto. Ikiyumba, faili linasimama, na faili likisimama familia inasimama. Kwa hiyo mliishika hadithi kama mtu anavyoshika karatasi kwenye upepo.

Nimesoma insha nyingi zilizoandikwa kwa mkono huo. Tarehe zimekaa sawa. Hakuna kinachonuka, hakuna anayecheka, hakuna anayejiuliza. Na mwalimu Mmarekani, kwa huruma yake, huogopa kuzigusa. Anampa mtu alama nzuri na kumwambia ni jasiri. Mwanafunzi anaondoka hajafundishwa kitu. Huruma ya namna hiyo siipendi.

Palikuwa na kijana katika darasa langu, miaka kadhaa sasa, aliyeniletea faili lake kama nilivyoeleza. Nikamwuliza, tukiondoa vita, kambini ulikuwa ukifanya nini siku nzima? Akasema, "Nilikuwa napanga dumu." Foleni ya maji. Unaweka dumu lako kwenye mstari alfajiri, unakwenda kucheza mpira, dumu linakushikia nafasi. Sheria haikuandikwa popote na kila mtu aliijua: dumu la mtu halisogezwi. Siku moja mechi ilikuwa tamu, akachelewa kuweka lake. Mstari ulikuwa mrefu. Palikuwa na dumu la bibi mmoja mlemavu, la njano, limefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini. Akalirudisha nyuma, akaweka lake pale. Maji yalikatika kabla ya bibi kufikiwa.

Ndiyo insha aliyoiandika. Alikuwa na haki ya kuwa mnyonge katika kurasa zote nne, hakuna ambaye angembishia, akachagua kuwa mwizi wa nafasi. Na ndani ya insha anajiuliza, wala hajipi jibu, kama sheria ya madumu ilikuwa wema au ilikuwa woga wa kila mtu kwa mwenzake. Ukurasa wa tatu anasema moja, wa nne anasema jingine. Kwa afisa angepoteza faili. Kwangu alipata alama ya juu kabisa niliyotoa muhula ule.

Kwa hiyo mwalimu akikubembeleza uandike juu ya vita, una ruhusa ya kuandika juu ya dumu. Kidonda chako si karo ya darasa. Na ukitaka kuandika vita, viandike, lakini viandike kwa kuwa una jambo unalolitafuta humo, usiandike kwa sababu umeona macho ya msomaji yanalengalenga na umejua hapo kuna alama. Wanaohoji kazi na ufadhili watakuja kuitaka tena ile hadithi iliyonyooka, msitupe faili zenu. Jueni tu kwamba humu ndani ya darasa hili ni mahali pengine.

Juu ya lugha nitapita haraka. Chama cha walimu wa somo hili kilipitisha azimio mwaka 1974 kwamba wanafunzi wana haki ya lugha zao wenyewe. Si kila mwalimu analikumbuka. Lakini ukihitaji kuandika "shikamoo" katikati ya Kiingereza, iandike, iache isimame, kisha mwonyeshe msomaji mtoto anainamisha kichwa na mzee anajibu marahaba. Atakuwa ameelewa kuliko ukimpa tafsiri. Makosa ya sarufi yasahihisheni, ndiyo, yana siku yake, nayo ni siku ya mwisho. Kituo cha uandishi cha chuo ni bure. Mtu atakaa nawe akusikilize ukiisoma kazi yako kwa sauti, na hapo sisi tuna bahati, masikio yetu yamelelewa kwenye utendi na taarabu, ulimi ukikwama unajua sentensi ina mfupa.

Na zile programu za akili bandia, maana naona kijana pale amekwisha kuifungua simu: ziulize ukitaka. Nilijaribu. Niliiambia programu moja iandike asubuhi ya msichana wa Mombasa. Ikaniletea minazi. Ikaniletea jua juu ya bahari, safari hii upande wake sahihi, na mama mwenye tabasamu, na somo la maisha mwishoni. Nikasema, aa, huyu tulikuwa naye darasa la nane. Huyu ndiye mwenye mayai mawili.

Nirudi kwa mama, nimemwacha mbele ya karai.

Rasimu ya tatu nilimsomea kwa simu. Zilikuwa zile siku za kadi za kupigia, za dola tano, dakika zinaliwa huku unahesabiwa. Nilikuwa nikiitafsiri papo hapo. Insha ilisema tulikuwa maskini, na mama aliniamsha usiku kwa kuwa hakuwa na wa kumsaidia, na mimi nikaupoteza usingizi wa utoto wangu kwa ajili ya ada. Nilijiona nimeandika ukweli mchungu. Nilimaliza, kukawa kimya. Nikadhani kadi imekwisha.

Mama akasema, "Kwani kilo mbili za unga zataka watu wawili?"

Sikumwelewa.

"Nalikuwa nikizimaliza peke yangu kabla hujazaliwa. Baba yako alipoondoka, mwanangu, nalikuwa naogopa. Lile giza la saa kumi, na moto, na mimi peke yangu. Nalikuamsha ili niwe na mtu."

Nilikuwa nimekaa na mama yangu katika chumba kile miaka saba, kisha nikakiandika chumba kile mara tatu, nikaona unga, nikaona mafuta, nikajiona mimi, na yeye sikumwona. Upawa niliueleza vizuri sana. Mkono ulioushika nilikuwa nimeupa sababu yangu mwenyewe bila kumuuliza mwenye mkono.

Kisha akaanza kukata. "Lile la deni la unga dukani litoe. Mwenye duka yungali hai na watoto wake wako huko huko ulaya yenu." Kwake Marekani ni ulaya. Nikalitoa. Nikamuuliza, na hili la woga? Akakaa kidogo. "Hilo liandike. Hilo ni langu, nakupa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo mengine ninayoyaita maisha yangu yana wenyewe. Nawashauri mpige simu kabla ya kuandika juu ya mtu aliye hai. Wengine watakataa, na itabidi uamue. Sina kanuni ya kuwapa hapo. Mimi mwenyewe nina insha mbili kabatini zinazongoja watu wawili ambao hawajasema ndiyo.

Insha ya jikoni ilibidi ivunjwe. Kila sentensi iliyokuwa imesimama juu ya umaskini ilianguka, ingawa umaskini ulikuwepo kweli. Nilibaki na aya mbili. Niliandika upya siku nne, nikaiwasilisha imechelewa, nikakatwa alama za uchelewaji.

Haya. Mbele ya kila mmoja kuna karatasi na kalamu, wazazi pia, msijifanye hamkuziona. Mwalimu Mmarekani, Peter Elbow, aliwafundisha watu mwaka 1973 kuandika dakika kumi bila kuinua kalamu, bila kufuta, na ukikwama uandike "nimekwama" hadi ufunguke. Tutafanya hivyo, kwa lugha yoyote utakayo, na hakuna atakayesoma isipokuwa wewe umpe. Anza na kitu ulichokishika kwa mkono asubuhi fulani kabla hujafika miaka kumi na mbili. Jua, majogoo na wahenga waacheni nje ya mlango.

Saa yangu inasema saa nane na dakika tano. Anzeni.